Mali Bila Daftari: Je, Kishikwambi cha Kikundi Kiwe na Kipanya?



Wahenga walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari lilikuwa la karatasi, likawekwa pamoja na pesa ndani ya sanduku la kufuli tatu. Siku hizi vikundi kadhaa vina daftari la namna nyingine, nalo ni kishikwambi, au kama wengi wetu tusemavyo, tableti. Vingine vimejinunulia, vingine vimepewa na wafadhili.

Katika somo hili tutazungumza juu ya swali ambalo tumeulizwa zaidi ya mara moja: je, kishikwambi kinachofanya kazi za ofisi kiwe na kipanya, yaani mausi kama ile ya kompyuta, au kidole chatosha? Mtu aweza kusema hilo ni jambo dogo, la watu wa mjini. Sisi pia tulidhani hivyo, mpaka tulipoona kikundi kikikaribia kuvunjika.

JAMBO LILILOTOKEA

Kikundi kimoja cha akina mama hapa pwani yetu ya kusini (jina tunaliweka kando) huweka akiba kila wiki. Walipopata kishikwambi, mweka hazina wao alifundishwa kuandika michango katika jedwali. Yeye ni mama wa miaka hamsini na kitu, mikono imekomaa kwa kusuka makuti na kupara samaki. Katika daftari la karatasi hakuwahi kukosea hata shilingi.

Ilipofika Disemba, siku ya kugawana, mama mmoja alikuta akiba yake imepungua shilingi 600. Jirani yake katika orodha alikuwa na shilingi 600 zaidi. Maneno yakaanza. Na kwa bahati mbaya yule aliyezidishiwa ni wifi yake mweka hazina. Jamani, mwajua watu watasema nini!

Tuliitwa. Tukaketi chini ya mwembe, tukatoa vile vitabu vidogo vya wanachama, tukalinganisha wiki kwa wiki. Kosa likaonekana. Wiki moja mchango wa shilingi 600 uliandikwa mstari wa chini badala ya mstari wa juu. Hakuna aliyeiba. Kidole kilikuwa kimeangukia mistari miwili kwa pamoja, mashine ikachagua mmoja.

Pesa zilirudi mahali pake, lakini mambo hayakuishia hapo. Mkutano uliofuata, ikapendekezwa kazi ya kuandika apewe kijana, mtoto wa mwanachama mmoja, "maanake vijana ndio wajuao mambo haya." Mweka hazina akakubali. Alituita kando akasema, "Mwanangu, kidole changu kimekuwa gogo. Wacha nipumzike."

Hapo ndipo tuliposhtuka. Kijana yule si mwanachama na hakuchaguliwa na mtu. Sasa ndiye peke yake ajuaye kikundi kina pesa ngapi. Akina mama walikuwa wamekabidhi daftari lao kwa mtu wa nje, na sababu yenyewe ni upana wa kidole.

KWA NINI KIDOLE HUKOSEA

Kioo cha kishikwambi kimetandazwa umeme mdogo sana, ambao hatuusikii. Mwili wa mwanadamu hupitisha umeme. Kidole kikigusa, umeme ule hubadilika mahali pale, na mashine yajua imeguswa wapi. Ndiyo sababu ukigusa kwa ukucha mtupu haijibu. Ndiyo sababu pia mkono wenye maji huisumbua, maana matone nayo hupitisha umeme, na ngozi iliyokauka au yenye sugu wakati mwingine haisikiki vizuri. Kwa hiyo mvuvi, mkulima na msusi wa makuti wana taabu zaidi kuliko karani wa mjini. Si kwamba hawana akili. Chombo hakikuwafikiria.

Tena kuna upana. Ncha ya kidole cha mtu mzima ni kama sentimita moja au zaidi, na mstari wa jedwali kwenye kioo kidogo waweza kuwa nusu ya hapo. Zaidi ya hayo, kidole chenyewe hufunika kile unachotaka kukiona.

Na kuna kuchoka. Ukikisimamisha kishikwambi mezani na kuinua mkono kila mara kugusa kioo, baada ya muda bega lauma. Hata wakubwa wa kampuni walilijua hilo. Mwaka 2010 Steve Jobs wa Apple, kampuni iliyotoa iPad mwaka huo huo, alieleza hadharani kwamba kugusa skrini iliyosimama wima huchosha mkono.

KIPANYA KIMETOKA WAPI

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa Marekani mwaka 1964. Aliyekibuni ni Douglas Engelbart, na mwenzake Bill English ndiye aliyekiunda. Kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na waya kama mkia. Tarehe 9 Disemba 1968 Engelbart alikionyesha mbele ya watu mjini San Francisco. Alitaka watu waweze kuonyesha kwa usahihi neno au mstari wautakao kwenye skrini. Shida ile aliyoitafutia dawa ndiyo ile ile ya mama yetu na mstari wake wa shilingi 600.

Vishikwambi vilipoenea, baadhi ya watengenezaji waliona kidole kimemaliza yote. Wengine hawakufunga mlango: vishikwambi vya Android vilianza kukubali kipanya mwaka 2011. iPad ilikawia mpaka mwaka 2019. Hata hapo kipanya kiliingia kwanza kama msaada kwa watu wenye ulemavu ambao mikono yao haiwezi kugusa kioo vizuri. Machi 2020 kikafanywa cha watumiaji wote. Tuzingatie hilo: kilichowekwa kwa ajili ya wachache wenye shida kikawafaa wengi.

KAZI IPI YATAKA KIPANYA, IPI HAIKITAKI

Tusije tukakimbilia dukani kabla ya kufikiri. Si kila kazi yahitaji kipanya.

Mwakumbuka hesabu ya watu ya Kenya, Agosti 2019. Makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, hawakubeba kipanya, na kazi ilikwenda. Tanzania nao walifanya hivyo Agosti 2022. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu maswali yale yalitengenezwa kwa ajili ya kidole: swali moja, majibu makubwa makubwa, gusa moja, songa mbele. Tena karani alikuwa amesimama mlangoni mwa mtu. Kipanya angekiweka wapi?

Basi kidole chatosha kwa kazi kama hizi: kupiga picha ya risiti, kusoma ujumbe, kuonyesha wanachama video ya mafunzo, kujaza fomu ya kuchagua majibu.

Kipanya chasaidia kwa kazi hizi:

1. Jedwali la akiba, mikopo au kilo za samaki, lenye mistari mingi na midogo.
2. Kuandika kumbukumbu za mkutano au barua ndefu, ambapo yabidi kurudi nyuma kurekebisha neno moja katikati ya sentensi.
3. Kuandaa katiba, orodha ya wanachama au pendekezo la mradi, ambapo twahamisha kifungu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine.

Kipanya kina mshale, na ncha ya mshale ni nyembamba kuliko herufi. Hugusi mpaka umeona mshale uko wapi. Kwa kidole ni kinyume: wagusa kwanza, ndipo wajua umegusa nini.

UPANDE WA PILI

Wako wanaopinga, na tuwasikilize, maana wana sababu.

"Ni kitu kingine cha kupotea." Kweli. Kipanya kidogo, watoto wakipenda. Kiandikwe katika orodha ya mali za kikundi, na kikae na kishikwambi ndani ya mfuko mmoja.

"Chumvi ya bahari italiwa na nani?" Nayo ni kweli. Kwa sisi tunaovuka kwa mashua kati ya Bodo na Funzi, vyombo vyote vya umeme vifungwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Tundu la waya likishapata kutu, gharama ni kubwa kuliko kipanya chenyewe.

"Chaji itaisha." Kipanya cha waya hula umeme kidogo sana. Shida ni kwamba vishikwambi vingi vina tundu moja tu, lile la kuchajia. Kipanya kikiwa hapo, huwezi kuchaji. Kwa hiyo chaji kwanza, andika baadaye. Kile kisicho na waya cha Bluetooth huliacha tundu wazi, lakini chenyewe chataka betri.

"Kama mwataka kipanya, nunueni laptopu." Hapa hatukubaliani. Laptopu ni maelfu mengi ya shilingi, na kishikwambi kiko tayari. Kipanya cha waya ni mamia tu.

KABLA YA KUNUNUA

Kwanza, jaribuni dawa isiyo na bei. Tandazeni vidole viwili juu ya kioo ili jedwali likue, mpaka kila mstari uwe mpana kuliko kidole. Kaukeni mikono. Wekeni rangi tofauti mstari kwa mstari. Pengine itatosha.

Isipotosha, nendeni dukani Ukunda au Msambweni, na mchukue kishikwambi chenyewe. Msinunue kwa maneno ya muuzaji. Kama tundu ni dogo, mtahitaji kiunganishi kiitwacho OTG. Chomekeni pale pale mbele yake. Mshale ukitokea kwenye skrini, lipeni. Usipotokea, kishikwambi hicho pengine hakikubali OTG, basi jaribuni cha Bluetooth. Dai risiti.

Kipanya chenye taa chini hakipendi meza ya kioo wala sehemu inayong'aa. Kiwekeni juu ya kitabu au kipande cha kadibodi.

Na neno kwa vikundi vinavyopewa vishikwambi: kabla ya kupiga makofi, mwulizeni mfadhili kwa heshima, "Je, chombo hiki chakubali kipanya na kibodi? Au kimefungwa?" Chombo kikifungiwa nje ya mikono ya wazee wenu, kitaishia mikononi mwa mtu mmoja.

KIKUNDI KILE KILIFANYAJE

Tulimwomba mweka hazina asijiuzulu kwanza. Tukaazima kipanya na kiunganishi. Siku ya kwanza mshale ulimkimbia kama kaa ufukweni, wenzake wakacheka na yeye akacheka. Siku ya pili aliupata. Siku ya tatu aliandika michango ya wanachama wote, mwenzake akimsomea majina, bila kosa hata moja. Kikundi kikanunua cha kwao. Kijana hakufukuzwa. Alibaki mwalimu, na sasa huwafundisha akina mama watatu badala ya kuandika yeye.

Lakini walifanya na jambo jingine, ambalo twaliona ni kubwa kuliko kipanya. Kila mwisho wa mkutano mweka hazina husoma kwa sauti jina na kiasi, na kila mama huangalia kitabu chake kidogo. Daftari la karatasi halikutupwa. Kipanya hupunguza makosa, lakini hakiwezi kuwa shahidi. Shahidi ni wanachama wenyewe.

JIBU LETU

Je, vishikwambi viwe na uwezo wa kutumia kipanya? Twasema ndiyo, vyote vinavyouzwa kwa kazi za ofisi. Je, kila kikundi kinunue? La. Mlango uwe wazi, atakaye apite. Asiyehitaji abaki na kidole chake. Lililo muhimu ni kwamba mtu mliyemchagua kwa uaminifu wake asiondolewe kazini kwa sababu ya sugu za mikono, sugu alizozipata kwa kulea watoto wake.

FANYENI JARIBIO

Andikeni majina kumi na michango yake katika jedwali kwa kidole. Kisha mtu huyo huyo aandike tena kwa kipanya, baada ya kufanya mazoezi. Hesabuni makosa na dakika kila mara. Wafanye watu watatu: kijana, mtu wa makamo na mzee. Matokeo yenu wenyewe yawaongoze.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni watu wangapi wawezao kufungua hesabu zetu na kuzisoma? Ni wanachama?
2. Je, kuna mtu aliyeacha kazi ya kikundi kwa sababu ya chombo kipya? Tulimsaidia, au tulimwacha?
3. Kosa likitokea katika kishikwambi, tuna ushahidi gani mwingine?
4. Katika kazi zetu, zipi zafaa kidole na zipi zafaa kipanya?
5. Tutafanya nini kabla ya mkutano ujao? Nani atafanya, na lini?

Jadilianeni, mwandike mliyoamua, na mtuletee majibu tukija kuwatembelea. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba nacho chataka mtu wa kukihesabu.