Jumatano: Mgeni Asiyeomba Maji

Soma 2 Wafalme 4:8–10. Yule mwanamke wa Shunemu aliandaa nini, na vitu hivyo vinaonyesha alimfikiriaje mgeni wake?

Mwanamke huyu hakutosheka kumkaribisha Elisha chakula. Alishauriana na mumewe, wakatenga chumba kidogo na kuweka kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Alikuwa amemtazama mgeni, akajua anachohitaji. Lakini chumba kile kilikuwa cha kupanda (fungu la 21). Kama Elisha angekuwa na ulemavu wa miguu, ukarimu huohuo ungebaki huko juu, asiweze kuufikia.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa makambi, tulipangiwa kumlaza ndugu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Tulipika, tukatandika shuka mpya, tukaona tumemaliza. Siku ya pili mke wangu aligundua kwamba glasi ya mgeni inarudi jikoni ikiwa imejaa. Chai nayo haiguswi. Alipomwuliza, alijibu kwamba hana kiu, na jua lilikuwa kali. Baadaye alikiri: kiti chake hakikupita mlango wa choo chetu, naye aliona haya kuwaita vijana wambebe kila mara. Alikuwa amejinyima maji siku nzima ili asitusumbue. Mimi nilikuwa nimefundisha somo la ukarimu Sabato mbili tu kabla ya hapo.

Soma Marko 10:51. Kwa nini Yesu alimwuliza Bartimayo anataka nini, hali upofu wake ulionekana wazi?

Mpigie mgeni simu kabla hajafunga safari, umwulize yeye mwenyewe, siyo mtu aliyemleta. Anza na choo. Viti vingi vya magurudumu vina upana wa sentimita 60 hadi 70, hivyo nafasi ya mlango ya sentimita 80 humwezesha kupita bila kukwaruza vidole. Ngazi ya mlangoni yenye kimo cha sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180, yaani 12 kwa kila sentimita 1. Ukiufupisha, mtu atateleza nyuma. Kwa choo cha shimo, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati, na kufunga bomba ukutani la kujishikia. Haya si mapambo. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Bwana alimwagiza mwenye nyumba ajenge ukingo darini kabla mtu hajaanguka.

Mgeni asiyeona mtembeze nyumba nzima akishika kiwiko chako. Milango iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa, na ndoo zisiachwe njiani (Mambo ya Walawi 19:14). Kwa mgeni kiziwi, anayesema asiipe taa mgongo, maana uso wake utakuwa gizani. Kwenye ibada ya jioni, kubalianeni mapema kwamba utamgusa bega sala inapoanza na inapokwisha. Nimeona ndugu kiziwi akibaki amefumba macho huku wenzake wote wameshaketi, na watoto wakicheka.

Soma 2 Samweli 9:11–13. Ni nini kilichobadilika katika maisha ya Mefiboshethi, na ni nini ambacho hakikubadilika?

Alikula mezani pa mfalme kama mmoja wa wana wa mfalme, na miguu yake yote miwili ikabaki vilevile. Daudi hakumwekea sharti la kupona. Basi tusigeuze kila mlo kuwa kikao cha kuombea uponyaji ambao mgeni hakuuomba, wala tusimtake asimulie mbele ya watoto jinsi alivyopata ulemavu. Mpe chakula, mwulize habari za kazi na za nyumbani, kama mgeni mwingine yeyote.

Fikiri: Leo chukua futi kamba upime mlango wa choo chako. Je, ni nani kanisani kwenu ambaye hajawahi kualikwa chakula cha mchana cha Sabato, na kwenye nyumba yako angekwama wapi?