Unahamia Kanada na boti yako? Anza na orodha

Mtu aliyeishi Minnesota kwa miaka kadhaa, jimbo la Marekani lenye maziwa kila upande, haishangazi kumkuta na boti yake ya kuvulia samaki. Siku ukaazi wa kudumu wa Kanada unapotoka, wengi huitoa boti hiyo kwa bei ya kutupa, maana wameambiwa ushuru wa mpakani utawamaliza. Wanapoteza mali yao bure. Forodha ya Kanada huihesabu boti, pamoja na trela la kuibebea, miongoni mwa vyombo vya nyumbani vya mhamiaji, na vyombo hivyo huingia bila ushuru wala kodi. Kinachotakiwa ni kutimiza masharti, na karibu yote hutimizwa kabla hujafika mpakani.

Sharti la kwanza ni kwamba boti iwe mali yako, iwe mikononi mwako, na uwe umeshaitumia kabla ya kuingia Kanada kama mkaazi. Yote matatu kwa pamoja. Boti mpya uliyoinunua wiki ya kuhama na ambayo haijagusa maji haitimizi. Boti ya kukodi haitimizi. Boti iliyoandikwa jina la shemeji yako, hata kama wewe ndiye unayeitumia kila Jumamosi, itakuletea maswali. Hamisha umiliki mapema na upate karatasi kwa jina lako. Weka pamoja risiti ya ununuzi, cheti cha usajili cha jimbo na karatasi za bima. Boti ya kufanyia biashara haimo katika msamaha huu, na usijaribu kuipitisha kama ya matembezi.

Kisha andika orodha. Hapa ndipo watu wengi hujiumiza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Fomu inaitwa BSF186, na orodha yako ina sehemu mbili: mali unayoingia nayo siku hiyo, na mali itakayofuata. Kama boti imebaki kwenye ghala la majira ya baridi na utairudia barafu ikiyeyuka, lazima iandikwe katika sehemu ya pili siku ile ile ya kwanza unayoingia kama mkaazi. Usipoitaja siku hiyo, unaweza kutozwa ushuru na kodi utakapoileta baadaye. Usiandike “boti moja” ukaishia hapo. Andika aina, mwaka, thamani kwa dola za Kanada, namba ya injini, na namba ya bodi.

Namba ya bodi utaipata kwa kusimama nyuma ya boti: tazama tezi kwa nje, pembe ya juu upande wa kulia. Boti zilizoundwa Marekani tangu mwishoni mwa 1972 zina alama 12 pale, herufi na tarakimu. Tatu za mwanzo ni za mtengenezaji. Kwa boti za tangu katikati ya miaka ya 1980, mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Kama rangi imezifunika, zisafishe polepole bila kuzikwangua, kisha zipige picha. Zilinganishe na cheti chako herufi kwa herufi. Herufi moja ikitofautiana, nenda ukarekebishe cheti ungali upande wa Marekani.

Trela lina sheria zake, mbali na za boti. Kanada hulihesabu kama gari: likiwa na umri wa chini ya miaka 15 lazima liwe na kibandiko cha mtengenezaji kinachoonyesha linatimiza viwango vya usalama. Kagua kibandiko hicho kabla ya safari. Na kama gari linalolivuta nalo linahama, forodha ya Marekani hutaka hati zake saa 72 kabla ya kuvuka. Ukitokea Minnesota kwenda Winnipeg, huenda ukapitia kituo cha mpakani cha Pembina, upande wa Marekani, kuingia Emerson, upande wa Kanada. Piga simu Pembina mapema uulize saa za kazi za ofisi inayoshughulikia magari yanayotoka.

Kuna jambo moja ambalo halina mjadala: kome pundamilia. Viumbe hawa wa gamba dogo lenye mistari wameenea katika maziwa mengi ya Minnesota, na mwaka 2013 walionekana Ziwa Winnipeg. Huziba mabomba ya maji na kula chakula cha samaki wachanga. Penye unyevu na ubaridi huweza kuishi nje ya maji kwa wiki kadhaa, kwa hiyo boti iliyotolewa ziwani jana bado inaweza kuwabeba. Ioshe kwa maji ya moto, toa maji yote, pamoja na ya injini na ya tangi la samaki, ondoa kila uzi wa magugu, kausha. Safiri kizibo cha sakafu kikiwa kimetolewa. Manitoba na majimbo mengine hulazimisha hivyo kisheria. Ukiona kituo cha ukaguzi wa boti kimefunguliwa njiani, simama, hata kama hakuna aliyekupungia mkono. Tafadhali lichukulie hili kwa uzito: kuna watu wanaoishi kwa maziwa hayo.

Ukishatulia, shughulikia leseni. Boti ya matembezi yenye injini ya kilowati 7.5, yaani nguvu za farasi 10, au zaidi huhitaji leseni ya Transport Canada, wizara ya uchukuzi ya Kanada. Ondoa namba za jimbo la zamani, ubandike mpya pande zote mbili za omo, kwa herufi zisizopungua sentimita 7.5, rangi ionekane vizuri. Leseni hii haithibitishi umiliki, kwa hiyo usitupe risiti zako. Usajili kamili katika daftari la taifa ni hiari kwa boti ya matembezi, lakini kama boti yako imo katika daftari la walinzi wa pwani wa Marekani, ifutwe huko kwanza.

Wewe mwenyewe utahitaji kadi ya uendeshaji wa boti ya Kanada, ambayo hupatikana kwa mtihani na haina mwisho wa muda. Mgeni wa matembezi ana nafuu; mkaazi hana. Vivyo hivyo jaketi za kujiokolea: angalia lebo ya ndani kama ina idhini ya Kanada, na kama haina, nunua nyingine kabla ya kuwapandisha watoto.

Na usiiuze boti hiyo ndani ya miezi 12 ya kwanza, wala kumpa mtu. Ukifanya hivyo, ushuru na kodi uliyosamehewa mpakani utadaiwa.