SOMO LA LEO: Kwa nini tunaogopa kumlipa mtu wa kututunzia hesabu?

Arusha hatuna uhaba wa watu wa hesabu. Chuo cha Uhasibu kipo hapa hapa Njiro. Lakini muulize anayeuza viatu vya mtumba kwenye stetasi, au anayesafirisha parachichi za Tengeru kwa wateja wa Dar, nani anamtunzia hesabu. Atakugusia kichwa chake. Sababu huwa ni hizi nne:

1. "Biashara yangu bado ndogo."
Ukiuza 25,000 kwa siku unajiona mdogo. Zidisha: kwa mwezi ni 750,000, kwa mwaka ni milioni 9. Hiyo siyo hela ya kukumbuka kwa kichwa.

2. "Mhasibu atanipeleka TRA."
Kama una TIN, TRA wanakujua tayari. Swali ni utalipa kiasi gani. Chukua viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa 2019, mauzo ya milioni 7 hadi 11 kwa mwaka. Asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kwa mauzo ya milioni 9, hiyo ni 90,000 + 60,000 = 150,000. Yaani kukosa daftari kumekugharimu 100,000! Viwango hubadilika kwenye bajeti, kwa hiyo pita ofisi ya TRA uulize vya mwaka huu.

3. "Atajua siri zangu."
Hofu hii ina msingi, hela ni siri ya mtu. Ila mtunza hesabu hahitaji namba yako ya siri wala simu yako. Anahitaji risiti, daftari na taarifa ya miamala. Akikuomba PIN, achana naye.

4. "Sina hela ya kumlipa."
Nani kasema umwajiri kwa mwezi? Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwite mara hizo nne tu. Tuseme mmekubaliana 25,000 kila akija: mwaka mzima ni 100,000. Ile tofauti ya kodi imeshamlipa.

Sasa kuna sababu ya tano, ambayo hatuisemi: tunaogopa kujua ukweli. Hela ya mzigo, ya kikoba, ya ada na ya bodaboda zote zinapita kwenye laini moja. Ujumbe wa muamala hauonyeshi ipi ni mauzo na ipi ni mchango wa harusi. Mwisho wa mwezi unaona umeuza sana, lakini ukitaka kufuata mzigo mpya huna mtaji. Mtaji haujapotea. Umeula kidogo kidogo bila kujua.

ANZA HIVI WIKI HII:
✅ Tenga laini au Lipa Namba ya biashara peke yake.
✅ Nunua daftari. Kila jioni andika vitu vitatu: umeuza nini, umetumia nini, nani anakudai au unamdai.
✅ Nauli ya mzigo na ya bodaboda ni matumizi ya biashara, iandike.
✅ Jilipe kiasi maalum, hata 5,000 kwa siku. Kinachobaki ni cha biashara.
✅ Risiti usitupe. Zitunze miaka 5.

Ukifanya hivyo miezi mitatu, mtunza hesabu atakuta kazi imeshaanza na bei yake itashuka. Wengi hutoza zaidi kwa sababu wanaletewa mfuko wa karatasi na maneno "sikumbuki hii ilikuwa ya nini".

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe kinachokuzuia ni kipi kati ya hivyo vitano? Tuandikie namba yake hapo chini, na mtumie somo hili mwenzako anayeuza.