Kupiga Hodi Angani

Muhula huu wanachama wa chama chetu cha sayansi wamenikasirikia kidogo, na naomba nafasi katika gazeti letu nipate kujieleza. Vijana wanne wa Kidato cha Tatu walitengeneza mtambo mdogo wa kurushia mawimbi ya redio, ili upeleke vipimo vya joto na mvua kutoka shamba la shule mpaka maabara. Kazi yao ilikuwa nzuri sana. Lakini siku waliyotaka kuuwasha niliwauliza, "Nani amewapa ruhusa ya kutumia masafa hayo?" Hakuna aliyejibu. Basi nikautia mtambo kabatini, nikafunga kwa ufunguo. Mmoja wao akalalamika, "Lakini Mwalimu, sisi tunajaribu tu!"

Neno hilo, "tunajaribu tu," limepata kusemwa na watu wakubwa kuliko sisi. Nitawasimulia habari ya kampuni moja ya Marekani, kisha kila msomaji aamue mwenyewe kama nilikosea.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini ruhusa inatakiwa. Watu wengi hudhani ya kuwa anga haina mwenyewe, na kwa hiyo kila aliye na roketi aweza kutupa juu chombo apendacho. Sivyo. Kwa Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, kila serikali inawajibika kwa vyombo vinavyorushwa na watu wake, hata vikiwa vya kampuni binafsi, na ni lazima iwape kibali na kuwasimamia. Mawimbi ya redio nayo yana utaratibu wake. Mataifa hupatana juu ya matumizi ya masafa katika Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, wenye makao yake Geneva, kisha kila serikali huwagawia watu wake. Huko Marekani kazi hiyo hufanywa na Tume ya Mawasiliano. Hata mtu anayetaka kujaribu satelaiti moja tu kwa muda mfupi huomba leseni ya majaribio. Hueleza atatumia masafa gani, kwa nguvu kiasi gani, satelaiti itapita wapi, na itaondokaje huko juu kazi yake ikiisha.

Mambo haya yana sababu mbili. Ya kwanza ni mawimbi: wawili wakisema pamoja katika masafa yale yale, hakuna anayesikika. Ya pili ni migongano. Satelaiti zinazopita karibu na dunia huenda kwa kasi ya kilometa 7 na zaidi kwa kila sekunde. Tarehe 10 Februari 2009 satelaiti ya mawasiliano ya Marekani, Iridium 33, iligongana na satelaiti mbovu ya Urusi, Kosmos 2251, juu ya Siberia. Vilitokea vipande zaidi ya 2,000 vinavyoonekana kwa rada, na kila kimoja kikawa hatari kwa wengine.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Kampuni hiyo, Swarm Technologies ya California, ilikuwa na shabaha njema, na tena inafanana na ya vijana wetu: kupokea vipimo vidogo vidogo kutoka mashambani na mahali pa mbali pasipo na simu, na kuvipeleka kwa bei nafuu. Ilitengeneza satelaiti 4 ndogo mno, ziitwazo SpaceBEE. Kila moja ilikuwa na upana wa sentimeta 10 kwa 10, na unene usiofika sentimeta 3; ungeweza kuitia katika mfuko wa koti. Mwaka 2017 kampuni ikaomba leseni ya majaribio.

Mwezi wa Desemba mwaka huo Tume ilikataa. Ilisema ya kuwa vyombo vidogo kiasi hicho huenda visionekane vizuri kwa rada, na chombo kisichoonekana hakiwezi kuepukwa. Lakini satelaiti zilikuwa zimekwisha andaliwa safari, na tarehe 12 Januari 2018 zilipaa kwa roketi ya India pamoja na nyingine nyingi. Roketi ilifika salama, na satelaiti zikafika juu bila ya kibali.

Tume ilipojua, ilisimamisha kibali kingine ambacho kampuni ilikuwa imekwisha pewa kwa satelaiti kubwa zaidi. Ilipochunguza iligundua na majaribio mengine ya redio yasiyo na ruhusa, yakiwemo ya puto. Desemba 2018 kampuni ilikubali kulipa dola 900,000 na kusimamiwa kwa karibu zaidi.

Hapa msomaji mwerevu atauliza: je, satelaiti zile zilipotea kweli? Hazikupotea. Kampuni ilikuwa imezitia vifaa vya kurudisha mawimbi ya rada, na rada ziliweza kuzifuata. Basi yawezekana mafundi walikuwa na haki juu ya chombo chao. Lakini hawakuwa na haki ya kuwaamulia wengine. Hatari waliyoipima wao ilikuwa ya kila mwenye chombo huko juu, na wenzao hao hawakuulizwa. Desturi yetu ni kupiga hodi mara tatu, na usipokaribishwa unarudi. Huvunji mlango kwa kuwa unajua moyoni ya kuwa wewe si mwizi.

Tena mlango haukuwa umefungwa daima. Kampuni ilitengeneza satelaiti kubwa zaidi, ikaomba, ikapewa, na Desemba 2018 zikarushwa kwa ruhusa. Mwaka 2019 ilipata leseni ya satelaiti 150. Kumbe njia ya kungoja ilikuwapo, na ilikuwa fupi kuliko ile ya mkato.

Sasa narudi kwenye kabati. Vijana wangu, mtambo wenu si mbaya, na sikuufunga kwa kuwadharau. Jumamosi ijayo tutakaa pamoja, tupime nguvu zake na masafa yake, kisha ninyi wenyewe mwandike barua ya maombi kwa mamlaka ya mawasiliano, nami nitatia sahihi. Tukiambiwa ndiyo, tutauwasha mbele ya shule nzima. Tukiambiwa hapana, tutauliza sababu na kuutengeneza upya. Mpaka siku hiyo, ufunguo ninao mimi.