Bango la Vita Husema na Nani?



Kila kikundi kimeshaletewa mabango: ya chanjo, ya kura, ya mbolea. Tunayabandika ukutani, kazi kwisha. Leo tusome yale ambayo serikali hutoa wakati wa vita, kwa maana humo ufundi wa kushawishi huonekana wazi.

Mwaka 1915 Uingereza ilikuwa ikipigana na Ujerumani, na haikuwa na sheria ya kulazimisha raia kuingia jeshini. Ilibidi waombwe. Bango moja la mwaka huo lilichorwa na Savile Lumley. Vita vimekwisha, baba ameketi kitini. Binti yake yuko pajani na kitabu, anamwuliza: Baba, wewe ulifanya nini katika Vita Kuu? Mvulana yuko sakafuni, anacheza na vijiaskari vya bandia. Baba hajibu. Anatutazama sisi.

Hebu angalieni: hakuna maiti, hakuna adui, wala sababu ya vita haikutajwa. Kuna aibu tu. Mwanamume anaambiwa kwamba mtoto wake mwenyewe atakuja kumwaibisha. (Na mama aliyeliona bango lile je? Alirudi nyumbani akimtazama mumewe kwa jicho jingine!)

Watu zaidi ya milioni 2 walijiandikisha kwa hiari, lakini hawakutosha. Januari 1916 Bunge likapitisha sheria ya kulazimisha. Huku kwetu, wapagazi wa vita hivyo, ambao kambi yao iliacha jina la Kariakor pale Nairobi, wengi walichukuliwa kwa nguvu kupitia machifu. Hao hawakubembelezwa kwa picha. Serikali hubembeleza pale inapohitaji kukubaliwa.

Tena bango halifaulu kila mara. Mwaka 1939, vita vya pili vilipoanza, serikali ya Uingereza ilibandika bango lenye taji la mfalme, likisema: ujasiri wako, uchangamfu wako na uthabiti wako utatuletea ushindi. Watu wakanung'unika. Ati taabu ni yako, ushindi ni wetu? Wetu akina nani? Neno "wako" na ile "tu" ya "utatuletea" vilitosha kuliharibu.

Zoezi: Mkutano ujao leteni bango lolote lililopo kijijini. Mmoja alishike, wengine wajibu. Ni nani anayeitwa "wewe", na ni nani "sisi"? Linatutia hofu, aibu au fahari? Ni jambo gani limeachwa nje ya picha? Wasiojua kusoma waanze kusema, maana wao huiangalia picha vizuri kuliko sisi tunaokimbilia maneno.