Mwaloni wa Yoashi na Mkuyu Wetu

Somo la juma hili. Kabla ya kuendelea, fungua Biblia yako usome Mwanzo 35:1-4, Yoshua 24:25-27 na Waamuzi 6:11-32.

Wale walikuwa kwa ibada Jumapili iliyopita walisikia tangazo juu ya kiwanja kipya, na ule mkuyu ulio kule chini karibu na kijito. Vijana wetu wameleta ombi kwamba ukatwe kabla hatujachimba msingi, kwa sababu zamani wazee walikuwa wakichinja kuku chini yake na kumwaga pombe kwa ajili ya misambwa. Wamama wengine wamesema hawawezi kupita pale jioni wakiwa peke yao. Mchungaji ameniomba nifundishe juu ya miti katika Neno la Mungu kabla kamati haijakaa Jumamosi. Nadhani aliniomba mimi kwa sababu anajua niliwahi kukata mti wa namna hiyo.

Tuanze na Biblia yenyewe. Imejaa miti toka mwanzo hadi mwisho. Kuna mti wa uzima katika bustani ya Edeni, na tunaukuta tena katika Ufunuo 22, majani yake yakiwa dawa ya mataifa. Katikati ya hiyo miwili kuna msalaba, ambao Petro na Paulo wanauita mti tu bila kuona haya (Matendo 5:30, Wagalatia 3:13). Watumishi wengi wamefundisha hayo na sina la kuongeza. Ninachotaka tuangalie ni miti ya kawaida, ile ilikuwa inaota kando ya njia na watu wanapumzika chini yake. Ibrahimu alipanda mkwaju Beer-sheba na hapo hapo akaliitia jina la Bwana (Mwanzo 21:33). Yule mzee hakujenga jengo, alipanda mti. Debora aliamua kesi za Israeli chini ya mtende (Waamuzi 4:5). Na Daudi alikuwa na ofisa mzima wa kusimamia mizeituni na mikuyu (1 Nyakati 27:28), kama vile leo serikali ina afisa wa misitu.

Umesikia hiyo ya mikuyu. Mkuyu ambao Zakayo alipanda pale Yeriko ni mti huu huu wetu, aina ile ile, sio mfano wake. Nabii Amosi alikuwa mtunza mikuyu (Amosi 7:14). Nchi ile walikuwa wakikwaruza tunda lake kwa kisu ili liive, kazi ya maskini hiyo, mtu anapanda juu na kugusa tunda moja moja. Mungu alimtoa mtu kwenye kazi hiyo akamtuma kwa wafalme. Na hapa kwetu Bungoma tuna wadi nzima inaitwa Mukuyuni, kule Kabuchai. Kwa hivyo mtu akisema mkuyu ni mti wa shetani, nitamuuliza Bwana Yesu alikuwa anatafuta nini chini yake.

Lakini nisiwadanganye. Kuna maandiko upande ule mwingine na vijana wameyasoma vizuri. Kumbukumbu la Torati 12:2-3 inaagiza Israeli waharibu mahali pote ambapo mataifa yalitumikia miungu yao, milimani na chini ya kila mti wenye majani mabichi. Hosea 4:13 anawakemea watu kwa kutoa kafara chini ya mialoni kwa sababu uvuli wake ni mzuri. Na Gideoni alikata.

Mimi nilisimama hapo hapo kwa Gideoni. Niliokoka mwaka 1991 kwenye mkutano wa injili, nikiwa kijana mwenye moto. Nyumbani kwetu kulikuwa na mkuyu juu ya chemchemi, na kuka alikuwa akipeleka kuku pale kila mtoto akiugua. Alipofariki, baba mdogo akaendelea. Mimi nilisoma Waamuzi 6 kwa kufunga siku tatu, nikakusanya vijana wanne wa ushirika, tukaenda na mashoka usiku. Usiku kabisa, kama Gideoni alivyofanya kwa kuogopa nyumba ya baba yake. Tulikata mpaka alfajiri tukiimba.

Asubuhi baba mdogo alikuja akasimama. Hakupiga kelele. Aliangalia kisiki, akaniuliza swali moja: "Kwani Mungu wenu anaogopa mti?" Nilimjibu kwa mistari. Aligeuka akaenda zake, na toka siku hiyo hajawahi kukanyaga kanisani, hata kwa mazishi anasimama nje ya uzio.

Chemchemi haikukauka siku hiyo, hapana, haya mambo hayaendi kama sinema. Lakini nilipanda mikaratusi pale, hii tunaita blugamu, kwa sababu nguzo za stima zilikuwa na soko. Kila kiangazi maji yakawa yanapungua. Baada ya miaka kama kumi wamama wa boma letu walikuwa wanavuka hadi kwa majirani na mitungi kichwani. Ndugu yangu, nilikuwa nafundisha juu ya maji ya uzima na mama yangu mzazi anaomba maji kwa watu. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, alipoagiza mikaratusi iliyo kando ya mito na vyanzo vya maji ing'olewe, wengi walimkasirikia. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilijua anasema juu ya shamba letu.

Profesa Wangari Maathai, ambaye alipata tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2004, alisimulia jambo kama hilo kutoka Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti mmoja wa jamii ya mikuyu karibu na kwao, akimwambia ni mti wa Mungu. Karibu nao kulikuwa na kijito. Baadaye mwenye shamba akaukata ili apate nafasi ya kupanda chai, na kijito kikapotea. Yeye aliyeelewa mambo ya mimea alieleza kwamba mizizi ya mti ule inaingia chini sana na kufungulia maji njia ya kupanda juu. Wazee wetu nao walijua, ingawa hawakuwa na maabara. Palipo na mkuyu, chimba.

Sasa turudi kwa Gideoni, kwa sababu nilimsoma vibaya na nataka nyinyi mumsome vizuri. Hebu angalia mstari wa 11. Malaika wa Bwana alipokuja Ofra aliketi wapi? Chini ya mwaloni wa Yoashi, baba yake Gideoni. Huyu Yoashi ndiye mwenye madhabahu ya Baali. Kwa hivyo huo ni mti wa mtu anayeabudu sanamu, uko kwa shamba lake, na malaika anaketi kwenye uvuli wake na hasemi neno moja juu yake. Gideoni analeta chakula chake chini ya mwaloni huo huo (mstari wa 19), na moto unatoka mwambani kukiteketeza. Kisha usiku ule Bwana anampa kazi: bomoa madhabahu ya Baali, kata Ashera iliyo karibu nayo, na kuni za Ashera hiyo zitumie kuchoma dhabihu. Ashera ni kitu kilichosimamishwa ili kiabudiwe. Gideoni alikata Ashera. Hakuna mstari unaosema alikata mwaloni.

Nilikuwa nimesoma sura hiyo labda mara hamsini. Sikuwahi kuona kwamba kuna miti miwili.

Yakobo ni vile vile. Katika Mwanzo 35 nyumba yake ina miungu migeni mingi, hata pete za masikio. Anaikusanya yote anaifukia chini ya mwaloni ulio karibu na Shekemu, kisha anaenda zake Betheli. Miungu iko chini ya udongo, mti umesimama. Karne nyingi baadaye Yoshua yuko Shekemu hiyo hiyo, anafanya agano na watu, anachukua jiwe kubwa na kulisimamisha chini ya mwaloni uliokuwa karibu na patakatifu pa Bwana. Biblia haisemi ni mti ule ule na mimi sitasema. Lakini Yoshua hakuogopa mwaloni wa Shekemu.

Na ukiwa bado unadhani shoka linamaliza ibada ya sanamu, endelea mpaka Waamuzi 8:27. Gideoni huyu huyu, ameshinda Midiani, anachukua dhahabu ya nyara anatengeneza naivera na kuiweka Ofra, mji wake. Israeli wote wakaifuata, ikawa mtego kwake na kwa nyumba yake. Naivera hiyo haikuwa na hata kijiti kimoja ndani. Isaya 44 anacheka kabisa: mtu anakata mti mmoja, nusu anapikia na kuota moto, nusu anaipigia magoti. Kosa liko kwa magoti.

Najua kuna swali gumu linabaki, na dada mmoja aliniuliza akiwa na machozi: na sisi ambao tulipelekwa pale tukiwa watoto, tukachanjwa, tukanyweshwa vitu, tupite pale vipi kwenda kuabudu? Sitamjibu kwa haraka. Paulo anasema sanamu si kitu (1 Wakorintho 8:4), lakini katika sura ile ile anasema si wote wenye ujuzi huo, na mwenye nguvu asimkwaze aliye dhaifu. Ningependa twende naye. Tuondoe vyungu na yale mawe yaliyo kwenye mizizi, mchana, watu wakiona, wazee wa ukoo wakiwa wameambiwa. Tufanye maombi ya kukesha pale, hata juma zima. Na kama baada ya hapo dhamiri yake bado inamuuma, atuambie tumsikilize. Lakini tusilete msumeno wa injini ili tu tusikose cha kusimulia kwa ushuhuda.

Desemba iliyopita nilienda kwa baba mdogo. Amezeeka sana, macho yanafifia. Nilimwambia kwamba kumkataa misambwa sijutii na sitajuta, Yesu ni Bwana, lakini mti ule na maji yale nilimkosea yeye na boma lote. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaniambia mkuyu unaota kwa tawi, ukate tawi nene kama mkono, upande mvua ya Machi ikianza, usisubiri Aprili. Hakusema kingine. Niliomba ruhusa nimwombee akakubali, akavua kofia.

Nimeng'oa mikaratusi, imebaki visiki vitatu. Tawi nilipanda Machi na sasa lina majani kama tisa hivi. Chemchemi haijarudi.

Kamati inakaa Jumamosi saa nane mchana, pale pale kiwanjani, na washirika wote mnakaribishwa. Vijana walioandika ombi watasema kwanza. Njooni na Biblia, na mwenye jembe aje nalo kwa sababu ya vile vyungu.