SOMO LA MNUNUZI: PETE MPYA IKICHUJUKA KABLA YA WAKATI WAKE



Siku ya mshahara huwa na wageni wengi kwenye lango la kiwanda na kwenye kambi za mashamba. Yuko auzaye nguo, yuko auzaye redio, na yuko mwenye kisanduku cha kioo kilichojaa pete, mikufu na hereni. Tunachonunua kwake si upuuzi. Pete ya ndoa, hereni za binti anayemaliza shule, mkufu wa mama mzazi: hivi ni vitu ambavyo mtu hujinyima miezi mingi ili avipate. Ndiyo maana inauma sana pete ya miezi miwili inapogeuka rangi kidoleni, na muuzaji anapojibu kwa mkato, "Bidhaa ikishauzwa hairudi."

Katika somo hili tutaeleza kwa nini mapambo huchakaa, sheria inampa mnunuzi nini, na hatua za kudai. Neno la kushika tangu mwanzo ni hili: haki ya mnunuzi husimama juu ya maneno aliyoyasema muuzaji wakati wa kuuza. Maneno hayo yakiwa kwenye karatasi, madai yana miguu. Yakibaki hewani, madai huwa mazito kuyabeba.

1. TUJUE TULICHONUNUA

Dhahabu safi huitwa karati 24. Ni laini mno, kwa hiyo sonara huichanganya na shaba, fedha au madini mengine ili ipate ugumu. Karati 18 maana yake sehemu 18 kati ya 24 ni dhahabu, yaani sehemu 750 katika 1,000. Karati 9 ni sehemu 375 katika 1,000. Kwa sababu hiyo ndani ya pete huonekana namba kama 750 au 375. Kwenye mapambo ya fedha namba ya kawaida ni 925.

Pete ya shaba iliyochovywa dhahabu ni kitu kingine. Hiyo ni shaba iliyovishwa ngozi nyembamba ya dhahabu kwa nguvu ya umeme. Mara nyingi unene wa ngozi hiyo haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, nao unywele wa kichwani ni mnene kuliko huo mara nyingi. Baadhi ya pete hizo hupigwa herufi GP, maana yake imechovywa. Si haramu kuuza pete ya namna hiyo. Kosa ni kuiuza kwa jina la dhahabu.

Tusitegemee namba peke yake, kwani yeyote mwenye nyundo na chapa anaweza kuipiga. Sumaku nayo husaidia kidogo tu. Haivuti dhahabu, lakini haivuti shaba wala fedha pia. Ikivutwa, tujue kuna madini mengine ndani yanayovutwa na sumaku. Isipovutwa, hatujathibitisha kitu. Anayejua ni sonara, ambaye huisugua pete kwenye jiwe jeusi kisha akapima alama yake kwa tindikali.

2. UCHAKAVU WA HAKI NA UCHAKAVU WA KASORO

Si kila badiliko ni kosa la muuzaji. Fedha halisi huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani, na hata kwenye mpira na mayai. Weusi huo hufutika kwa kitambaa. Kidole kugeuka kijani nako si ushahidi wa kutosha, maana hata dhahabu ya karati 9 inaweza kuwa na shaba ndani yake, na shaba ikikutana na jasho huacha rangi. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini huharibu fedha na hudhoofisha dhahabu ya karati ndogo. Mwenzetu wa kiwanda cha sabuni au wa kufua nguo yafaa avue pete kabla ya kazi.

Lakini zipo dalili zinazosema wazi kwamba kuna kasoro. Dhahabu ya karati 18 ina rangi moja nje hadi ndani. Ikikwaruzwa, chini yake ni ile ile. Rangi ya juu ikibanduka na madini ya rangi nyingine yakatokea, hiyo ilichovywa. Vivyo hivyo kiungo cha mkufu kilichoachia, au jiwe lililodondoka bila pete kugongwa mahali, katika majuma ya kwanza.

Swali la kujiuliza ni hili: kitu cha aina hii, kwa bei hii, na kwa maelezo niliyopewa, mtu mwenye akili timamu angetazamia kidumu muda gani? Hereni za kuchovywa za bei ndogo, zilizouzwa kwa jina lake, zikichujuka baada ya mwaka, hatuna la kudai. Pete iliyoitwa dhahabu ikichujuka kwa miezi miwili, tunalo.

3. SHERIA INASEMAJE

Sheria za mauzo za Uganda, Kenya na Tanzania zimetoka katika shina moja, nalo ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893. Uganda ilitunga mpya mwaka 2017, inayohusu mauzo ya bidhaa pamoja na utoaji wa huduma. Kwa lugha ya kawaida, mafundisho yake makubwa ni haya:

(a) Kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kipatane na maelezo hayo. Akisema karati 18, iwe karati 18.

(b) Kitu kinachouzwa na mtu ambaye hiyo ndiyo biashara yake lazima kiwe na ubora wa kufaa kuuzwa. Lakini kama ulikikagua mwenyewe, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha huwezi kuidai kwa msingi huu.

(c) Ukimweleza muuzaji kazi ya kitu, ukategemea ujuzi wake, kitu hicho lazima kiifae kazi hiyo. Mchuma chai akisema, "Nataka pete ya kuvaa kila siku hata shambani," maneno hayo yana uzito.

(d) Ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema unakikataa, sheria huhesabu kwamba umekikubali. Hapo haki ya kukirudisha hupotea, ingawa bado waweza kudai fidia ya hasara. Kwa hiyo, ndugu, tusingoje Krismasi kulalamikia pete ya Pasaka.

Wenzetu wa Kenya wana nguvu ya ziada. Kifungu cha 46 cha Katiba yao ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia.

Na lile tangazo la "hairudishwi"? Linamfaa muuzaji kwa mteja aliyebadili nia tu. Halimpi ruhusa ya kuuza shaba kwa jina la dhahabu. Akiwa alijua anadanganya, hilo ni jambo la polisi pia.

4. HATUA ZA KUDAI

Sisi wa chama tunajua namna ya kupeleka lalamiko kwa mwajiri: ushahidi, maandishi, shahidi, na muda maalumu. Njia ni hiyo hiyo.

Kwanza, kabla ya kulipa, omba risiti yenye mambo manne: jina na mahali pa muuzaji, tarehe, bei, na maelezo kamili ya kitu. "Pete 1" haitoshi. Iandikwe "pete 1 ya dhahabu karati 18, gramu 3". Muuzaji akikataa kuandika neno alilolitamka mdomoni, amekwisha kutujibu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, kasoro ikionekana, acha kuivaa. Usiisugue wala usiipeleke kwa fundi kuchovywa upya, kwani utafuta ushahidi wako. Mpelekee sonara mwingine aipime, naye aandike alichoona.

Tatu, rudi kwa muuzaji mapema pamoja na shahidi mmoja, ukaseme unachotaka: fedha zirudishwe, kitu kibadilishwe, au kitengenezwe. Tusiende kundi zima na fimbo. Mwenye haki akifanya fujo hugeuka mshtakiwa.

Nne, asiposikia, mwandikie barua ya madai. Eleza tarehe, bei, maneno aliyosema na kasoro iliyopo. Mpe siku 14 za kujibu, na ubaki na nakala. Kama unalipa kidogo kidogo, usikae kimya tu ukaacha kulipa. Andika katika barua hiyo kwamba unabishania deni na sababu yake.

Tano, fika mahakamani. Uganda ina Kanuni za Madai Madogo za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Kesi husikilizwa katika mahakama za mahakimu zilizoteuliwa, na wenye shauri hujieleza wenyewe bila wakili. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya mwaka 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za huko.

5. KAZI YA TAWI

Tuchukue mfano. Wafanyakazi wanane wa shamba moja wamenunua pete kwa mchuuzi mmoja, kila mmoja kwa shilingi 180,000, kwa malipo ya miezi mitatu. Kila mmoja peke yake huona aibu, akaificha pete mfukoni, akanyamaza. Jumla ya fedha hizo ni shilingi 1,440,000. Katibu wa tawi akiandika majina, tarehe na maneno waliyoambiwa, itaonekana kwamba wote wanane waliambiwa neno lile lile, na kila mmoja atakuwa shahidi wa mwenzake. Aibu si ya aliyedanganywa.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Ni nani kati yetu mwenye risiti ya kitu alichonunua mwezi uliopita? Imeandikwa nini?
2. Mkufu wa fedha umekuwa mweusi baada ya mwezi mmoja. Je, hiyo ni kasoro? Utajuaje?
3. Mchuuzi hana duka wala anwani. Tumtake nini kabla ya kumpa shilingi ya kwanza?
4. Mahakama ya mahakimu iliyo karibu nasi iko wapi, na nani atakwenda kuuliza kama inasikiliza madai madogo?

Majibu ya swali la nne yaletwe kwenye mkutano ujao wa tawi, yabandikwe ubaoni.